Taa za gari zilizoingia ukungu: kujua ukungu umekaa wapi kabla ya kushika msasa

Dereva anayelalamika kwamba usiku haioni barabara vizuri mara nyingi huanza kwa kununua globu zenye nguvu zaidi, na hizo zisipomridhisha huhamia kwenye globu za LED, ilhali mwanga unatoka kwenye globu yake ya awali bila tatizo lolote na kukwama kwenye kioo cha mbele kilichopauka. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani kiitwacho AAA kilipima taa zilizopauka kwa umri, kikakuta kwamba zilikuwa zikitoa takribani asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na kwamba zikisafishwa ipasavyo mwanga wake ungeweza kurudi hadi kiasi cha asilimia 70. Anayesafiri usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, akipishana na malori huku waenda kwa miguu na baiskeli zisizo na taa wakiwa pembeni mwa lami, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya tofauti hiyo.

Kazi ya kurudisha uangavu wa taa inafanyika nyumbani kwa vifaa vya bei nafuu. Inaharibika kwa sababu mbili kuu: watu husugua taa ambayo ukungu wake hauko nje, au husugua vizuri kisha wakaacha taa bila kinga, na jua likaimaliza. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu mambo hayo mawili.

Kioo kisicho kioo

Sehemu ya mbele ya taa tunaiita kioo kwa mazoea ya zamani. Taa za Peugeot 504 na za Land Rover za miaka hiyo zilikuwa za kioo kweli, na ndiyo maana gari lililokaa juani kwa miongo mitatu lilichakaa bati na viti lakini taa zake hazikugeuka rangi. Nchini Marekani, ambako sheria ilikuwa imewafunga watengenezaji kwenye taa za kioo za umbo maalumu tangu mwaka 1940, taa zenye uso wa plastiki ziliruhusiwa mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 plastiki ikaenea duniani kwa sababu ni nyepesi, haipasuki kwa kokoto na hufinyangwa kwa umbo lolote ambalo mchoraji wa gari analitaka.

Plastiki hiyo ni polikaboneti. Nguvu yake dhidi ya kugongwa ni kubwa, lakini ina udhaifu wa aina mbili ambao ndio chanzo cha karibu matatizo yote ya hapa: huchubuka upesi, na haivumilii miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua. Kwa kulijua hilo, kiwanda huipaka utando mgumu wa kinga, mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Utando huo ukiwa mzima, taa hubaki angavu. Ukishaliwa na jua, mchanga, joto la globu na sabuni kali, miale hufika kwenye polikaboneti yenyewe na kuvunjavunja uso wake, nao hugeuka manjano, kisha hupata mipasuko midogo mno ambamo vumbi hujikita.

Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani huwa tayari yameshatumika kwa miaka mingi, kwa hiyo utando wa kiwandani umeshatumikia sehemu kubwa ya umri wake kabla gari halijashuka bandarini. Tena ukaguzi wa lazima wa magari nchini Japani hupima ukali wa taa, ambapo mwanga wa chini wa kila taa unatakiwa kufikia angalau kandela 6,400 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga), hivyo taa zilizopauka hung'arishwa ili gari lipite au liuzike. Taa iliyong'arishwa bila kupakwa kinga mpya hupendeza kwa muda mfupi, na mnunuzi wa Tanga au Mombasa hushangaa kuona gari alilolipokea likiwa safi limeanza kuwa na macho ya manjano baada ya misimu michache ya jua la pwani.

Kipimo cha maji

Kabla ya kununua chochote, osha taa kwa maji na sabuni laini, iache ikauke, iangalie mchana kwenye mwanga wa kutosha, kisha imwagie maji safi taratibu na uangalie kinachotokea wakati maji yanateremka. Ukungu ukitoweka na ndani ya taa kuonekana vizuri, halafu ukarudi maji yakikauka, ugonjwa uko juu ya uso wa nje, kwa sababu maji yameijaza mikwaruzo na mipasuko midogo na kuusawazisha uso kwa muda. Taa ya namna hiyo inatengenezeka, na kile ulichokiona chini ya maji ndicho takribani utakachokipata kazi ikikamilika. Ukungu usipobadilika kabisa, basi uko ndani, au ni mipasuko iliyozama, au ni kiakisi cha ndani kilichoungua, na msasa hautausaidia.

Pitisha pia ukucha juu ya taa. Uso unaokwaruza kama karatasi kavu umeliwa na jua, wenye kingo zinazonasa ukucha una utando unaobanduka, na ulio laini kabisa huku taa ikionekana chafu unakutuma ukatafute tatizo ndani.

Taa ni ya manjano au nyeupe kama maji ya ukoko, na chini ya maji inang'aa

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na mara nyingi huwa mbaya zaidi sehemu ya juu ya taa, pale inapolielekea anga. Chanzo ni utando wa kiwandani uliokufa. Tiba yake ni kuuondoa utando wote uliobaki, kuusawazisha uso wa polikaboneti, kisha kuweka kinga mpya, na hatua hizo tatu hazitengani.

Andaa msasa wa maji wa namba 800, 1000, 1500, 2000 na 3000 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), ndoo ya maji yenye matone machache ya sabuni, kipande cha sifongo ngumu cha kuviringishia msasa, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, vitambaa laini visivyoacha nyuzi na spiriti ya hospitali. Fanya kazi kivulini, asubuhi au jioni, kwa sababu taa iliyochemka kwa jua la saa saba hukausha maji upesi na msasa ukaanza kuchimba badala ya kulainisha. Funika kwa tepu ukingo wa boneti, bampa na bati la pembeni, tena kwa tabaka mbili, kwa kuwa msasa namba 800 ukiteleza mara moja tu juu ya rangi ya gari utaacha alama ambayo itakugharimu zaidi ya taa yenyewe.

Anza na namba 800 ikiwa umanjano ni mzito, au namba 1000 ikiwa ni ukungu mwepesi. Sugua kwa mwelekeo mmoja, tuseme wa kulala, ukilowesha kila wakati, na uangalie rangi ya maji yanayochuruzika. Mwanzoni yatakuwa ya manjano au rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa unachokiondoa ni utando wa zamani, na yakishakuwa meupe tupu umefika kwenye polikaboneti safi. Hapa wengi huogopa, kwa sababu taa yote huonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, nyeupe na isiyopenyeza kitu. Usikatishwe tamaa na hali hiyo, wala usiruke kwenda kwenye namba ya juu ili kuiona iking'aa haraka, kwa kuwa hatua hii ya kwanza ndiyo inayoamua matokeo: kila doa la manjano utakaloliacha hapa litabaki hadi mwisho.

Taa ikishakuwa na weupe wa aina moja kila mahali, isuuze, badilisha maji ya ndoo, kisha ingia namba inayofuata ukisugua kwa mwelekeo wa kusimama. Kubadili mwelekeo kuna sababu: mikwaruzo ya namba iliyotangulia huonekana ikikatiza mipya, na ikishatoweka yote ndipo unapojua kwamba namba hiyo imemaliza kazi yake. Endelea hivyo ukipishana mielekeo. Kila namba huchukua takribani dakika tano hadi kumi kwa taa moja, na pembe za taa zinahitaji muda zaidi ya katikati kwa sababu mkono hupita juu yake bila kukandamiza.

Unapoishia panategemea kinga utakayoipaka, na jambo hili halielezwi mara nyingi inavyostahili. Ikiwa utapuliza klia, ile vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi hupulizia juu ya rangi ya gari, ishia namba 1500 na usipake polishi yoyote, kwa kuwa klia inahitaji uso wenye mikwaruzo midogo wa kushikilia, nayo yenyewe itaijaza mikwaruzo hiyo na kuifanya isionekane. Ikiwa utatumia kinga ya kupaka kwa kitambaa, stika angavu au nta, endelea hadi 3000, kisha ng'arisha kwa kampaundi ya rangi ya gari, yaani dawa nzito ya kung'arishia, kwa kitambaa au kwa sifongo iliyofungwa kwenye drili inayozunguka polepole. Drili ikienda kasi au ikikaa mahali pamoja, plastiki huchemka na kupata doa lisiloondoka.

Kinga, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Ulipoondoa utando wa kiwandani ulimvua mtu shati akiwa juani. Polikaboneti iliyong'arishwa na kuachwa wazi hupauka upesi kuliko mwanzo, na nimeona taa iliyosuguliwa kwa uangalifu mkubwa mwezi Desemba ikiwa imerudi njano kabla ya masika kwisha, si kwa kosa la msasa bali kwa kukosa kinga peke yake.

Klia ya aina mbili zinazochanganywa, yaani ile inayotiwa hadna (dawa ya kuigandisha), yenye kizuizi cha urujuanimno, ndiyo inayodumu zaidi kati ya njia za nyumbani, na taa inayolindwa nayo inaweza kukaa miaka kadhaa. Lakini hadna ina kemikali ziitwazo isosayaneti ambazo huumiza mapafu na zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, wala barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizizuii. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu, miwani na mahali pa wazi mbali na watoto. Kwa maoni yangu, mtu asiye na vifaa hivyo afanye kazi yote ya msasa nyumbani, kisha azipeleke taa kwa fundi rangi siku anayopuliza gari la mtu mwingine, amwombe apitishe klia juu yake. Fundi anazo dawa, bunduki ya kupulizia na barakoa, na kazi ya kupuliza taa mbili zilizokwisha kuandaliwa ni ya dakika chache.

Anayepuliza mwenyewe afute taa kwa spiriti ya hospitali, aiache ikauke kabisa, asiiguse tena kwa vidole, kisha apulize tabaka jepesi la kwanza, angoje muda ulioandikwa kwenye kopo, na kuongeza tabaka moja au mbili. Klia za kopo moja zisizo na hadna ni rahisi kuzipata, lakini nyingi huanza kubanduka mapema, na yafaa usome maandishi ya kopo kuona kama panatajwa kabisa kinga dhidi ya jua. Stika angavu za kulinda taa, zile zinazonyooshwa kwa joto na mafundi wa stika, zinafaa pia endapo hazina rangi, kwa kuwa zile za moshi au za manjano hupunguza mwanga ambao umetoka kuutafuta. Nta ya kawaida ni kinga ya wiki chache, na anayeichagua aijue kuwa ni kazi ya kurudiwa kila mwezi.

Taa inabanduka magamba

Sehemu nyingine ni angavu kabisa na nyingine ina viraka vyeupe vyenye kingo, mithili ya ngozi iliyoungua inayochubuka. Huu ni utando wa kiwandani, au klia ya mtu aliyetangulia, inayoachia kwa vipande. Kishawishi ni kusugua viraka peke yake na kuziacha sehemu zinazong'aa, lakini utando uliobaki nao umeshalegea, na klia mpya ikipita juu ya kingo hizo itazionyesha zaidi na kubanduka pamoja nazo. Ondoa wote. Kama ni mnene, anza na msasa namba 600, ukizitumia namba zilizotajwa juu bila kuruka hata moja, na utegemee kutumia muda mara mbili.

Kuna maji au mvuke ndani

Mvuke mwembamba unaotokea asubuhi ya baridi au baada ya kuoshwa gari, kisha ukapotea taa zikiwashwa kwa nusu saa hivi, si ugonjwa. Taa zimetengenezwa zikiwa na matundu madogo ya kupumulia, na hewa yenye unyevu ya pwani huingia kupitia humo. Tatizo ni matone yasiyokauka, maji yanayocheza chini ya taa, au mistari ya chumvi na matope kwenye uso wa ndani.

Angalia kwanza nyuma ya taa. Katika gari zilizobadilishwa globu na kuwekewa za LED zenye feni, mara nyingi kifuniko cha mpira au cha plastiki kiliachwa kwa sababu hakikutosha, na kwa tundu hilo huingia maji, vumbi na hata wadudu. Kukirudisha kifuniko, pamoja na globu ya aina iliyokusudiwa, huwa ni tiba tosha. Kisha tazama kama matundu ya kupumulia yamezibwa na tope au na silikoni ya fundi aliyedhani ameziba uvujaji: taa isiyopumua hubaki na maji yake ndani. Mwisho kagua ufa kwenye kioo na mshono kinapokutana na boksi la nyuma, hasa kama gari limewahi kugongwa.

Kukausha, toa taa, fungua kifuniko cha nyuma, iweke juani uso ukitazama chini kwa saa kadhaa, kisha zibe ufa au mshono kwa silikoni ya nje, taa ikiwa imekauka kabisa. Kuziba taa yenye unyevu ni kuufungia unyevu huo ndani. Ukungu uliokaa muda mrefu kwenye uso wa ndani unaondoka tu kwa kufungua taa, na kazi hiyo hufanywa kwa kuipasha joto hadi gundi ilegee. Taa nyingi hupasuka katika zoezi hilo mikononi mwa asiyelizoea, na baadhi zimeunganishwa kwa namna ambayo hazifunguki kabisa. Ikiwa taa ni ya zenoni, usiguse chochote nyuma yake kabla ya kuizima na kuchomoa waya wa betri, kwa sababu kifaa chake huiwasha kwa maelfu ya volti.

Mistari myembamba kama utando wa buibui ndani ya plastiki

Mistari hii haihisiki kwa ukucha, haiondoki kwa maji, na huwaka kama nyuzi jua linapoipiga kwa pembeni. Ni mipasuko iliyozama, na husababishwa na miaka mingi ya joto na jua, au na kemikali. Petroli, thina na asetoni huishambulia polikaboneti na kuipasua namna hiyo, wakati mwingine siku chache baada ya kupakwa. Dawa ya mbu yenye diiti, ambayo watu huisifu kwa kuwa taa hung'aa papo hapo ikipakwa, inafanya hivyo kwa kuuyeyusha uso wa juu wa plastiki: mng'ao unaouona ni plastiki iliyolainika, na ikishagandamana tena hushika vumbi na kupauka vibaya zaidi.

Msasa unaweza kupunguza mipasuko ya juu juu, lakini ile iliyozama haina dawa. Ikiwa imeenea mbele ya globu, badilisha taa.

Kuhusu dawa ya meno, ambayo haina madhara ya aina hiyo, iitwe jina lake: ni kampaundi dhaifu. Inaweza kuondoa ukungu mwepesi sana, haiwezi kuondoa umanjano uliokomaa, na haiachi kinga yoyote. Unga wa kusugulia masufuria huongeza mikwaruzo. Mafuta ya kupikia hufanya kile kile maji yalichofanya kwenye kipimo, kwa muda kidogo zaidi, huku yakikusanya vumbi la barabara.

Kioo ni safi lakini mwanga bado ni hafifu

Hapa ndipo globu na umeme vinapopata zamu yao. Chungulia ndani ya taa ikiwa imezimwa. Kiakisi, yaani ule uso wa fedha unaorudisha mwanga mbele, kinapaswa kung'aa kama kijiko kipya. Kikiwa na kijivu, rangi ya kahawia au mabaka yaliyobabuka juu ya globu, kimeungua, na aghalabu chanzo ni globu za wati 90 au 100 zilizofungwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya wati 60 na 55. Kiakisi kilichoungua hakisuguliwi, kwa kuwa utando wake wa metali ni mwembamba kiasi kwamba hata kitambaa kikavu huweza kuuondoa.

Kiakisi kikiwa kizima, tazama globu. Globu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye waya unaowaka ndani, ikizeeka huwa na weusi kwenye kioo chake, na inafaa kubadilishwa zote mbili kwa pamoja bila kushika kioo kwa vidole vitupu. Kisha pima umeme kwenye soketi ya globu taa zikiwa zimewaka na injini ikinguruma, ukilinganisha na unaopatikana kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna upotevu kwenye waya, swichi, relei au athi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme) yenye kutu. Upotevu mdogo una athari kubwa, kwani volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga wa halojeni hupungua kwa takribani asilimia 30. Kusafisha athi kwa msasa na kuikaza upya ni kazi ya robo saa, na nimeona ikirudisha mwanga uliokuwa umetafutwa kwa globu za bei ghali.

Globu za LED katika taa iliyochorwa kwa halojeni si suluhisho la dalili hii. Chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo kutoka pale kiakisi kilipokusudiwa, mwanga hutawanyika, barabara ya mbali haipati kitu, na anayekuja mbele hupofuka.

Kasoro zinazojitokeza baada ya kazi

Mikwaruzo inayoonekana taa zikiwashwa usiku ilhali mchana haikuonekana ni ya namba iliyorukwa au isiyomalizwa. Rudi kwenye namba iliyoiacha, siyo kwenye kampaundi, kwa kuwa kampaundi haiwezi kufuta alama ya namba 800.

Klia iliyotoka na weupe kama pumzi kwenye kioo cha baridi ilipulizwa kwenye unyevu mwingi. Katika miezi ya masika, na pwani hasa, puliza saa ambazo jua limeshakausha hewa. Weupe mwepesi huweza kuondoka klia ikikauka taratibu juani, lakini uliokomaa unadai msasa upya. Vijishimo vya duara, vile mafundi wanavyovifananisha na macho ya samaki, vinatokana na mafuta, nta au polishi iliyobaki juu ya taa. Uso wenye vipele kama ganda la chungwa unaonyesha kwamba klia ilipulizwa kutoka mbali mno au ilikuwa nzito, nao unalainishwa kwa namba 2000 na kampaundi, baada ya klia kukauka kabisa kwa siku kadhaa.

Taa moja ikirudi kupauka kabla ya nyingine, angalia gari linaegeshwaje. Upande unaokaa juani tangu asubuhi hadi jioni huzeeka mapema, na kugeuza gari au kusogea chini ya mwarobaini kunaongeza umri wa klia bila gharama.

Kama uamuzi ni kubadilisha

Taa yenye mipasuko iliyozama, kiakisi kilichoungua au mshono uliofumuka haistahili saa zako za msasa. Unaponunua taa iliyotumika Kariakoo au Gerezani jijini Dar es Salaam, beba chupa ya maji na ufanye kipimo kile kile mbele ya muuzaji, kisha uangalie kiakisi kwa tochi. Uliza pia taa imetoka nchi gani. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, na mwanga wa chini wa taa zake huinuka kidogo upande wa kushoto ili uonyeshe ukingo wa barabara. Taa zilizotoka Ulaya bara au nchi za Ghuba zimechorwa kwa upande wa kulia, na zikifungwa hapa huinua mwanga kwenye macho ya anayekuja. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo wana tatizo hilo hilo kwa kinyume chake, wanapofunga taa za Japani.

Taa ikishafungwa, iwe mpya au iliyosafishwa, egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sawa, na uweke alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya kila taa. Mstari wa juu wa mwanga wa chini unapaswa kukaa takribani sentimita 10 chini ya alama hizo. Taa iliyokuwa imepauka huenda ilikuwa imeelekezwa juu mno kwa miaka bila yeyote kulalamika, kwa kuwa haikuwa na mwanga wa kumuumiza mtu. Sasa inao, na skrubu ya kuishusha iko nyuma ya boksi la taa.